Nyota ya mkia ya 1882 na watazamaji wa mbingu wa Mpala

Watu wakiandika historia ya Mpala, karibu wote wanaanzia mwezi wa Mei 1883, wakati Émile Storms, ofisa Mbelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, alipovuka ziwa toka Karema na kuanza kujenga boma lake kwa Sultani Mpala. Juu ya nini wanaanzia pale? Juu ya ile ni tarehe iliyoandikwa kwa wino, na historia yetu tumezoea kuianza pale wino wa mgeni unapoanzia. Sisi katika kurasa hizi tunapenda kurudi miezi michache kabla ya boma. Kuna jambo lingine lenye tarehe ya hakika, lililoonekana hapa na watu wote wenye macho, mvuvi na sultani, mtumwa na mwenye kumuuza. Jambo lile lilikuwa juu, mbinguni.

Mwanzoni mwa Septemba 1882 nyota yenye mkia ilianza kuonekana katika nusu ya kusini ya dunia. Mabaharia waliiona baharini. Huko Cape, kusini mwa Afrika, mtaalamu W. H. Finlay aliiona alfajiri akirudi nyumbani toka kazi yake ya usiku. Tarehe 17 Septemba ilipita karibu kabisa na jua, ikawaka sana hata ikaonekana mchana kweupe: mtu alificha jua nyuma ya mkono au ya pembe ya nyumba, akaiona hapo pembeni, nyeupe. Kiisha ikaliacha jua ikahamia alfajiri, na mwezi wa Oktoba mzima mkia wake ulisimama upande wa mashariki mbele ya kupambazuka. Vitabu vya elimu ya nyota vinaiita Nyota Kubwa ya Septemba 1882, na wengi wanaihesabu kati ya zile zilizong'aa kupita zote katika karne zinazojulikana.

Sasa, mashariki kwetu ni maji. Anayeijua Mpala anajua ginsi ilivyo: milima mgongoni, ziwa usoni. Kila kitu cha mbinguni kinachomoka ndani ya ziwa na kwenda kulala mlimani. Basi nyota ya 1882 nayo ilichomoka majini, saa ya alfajiri, wakati wavuvi wanarudi. Na ng'ambo ya maji, karibu mashariki kamili, kuna Karema. Shirika lile la Wabelgiji lilikuwa na boma kule tangu 1879. Miezi saba tu nyuma ya nyota ile, kutoka upande ule ule, Storms akafika.

Msomaji ameshaona tunakokwenda. Mtu yeyote aliyezaliwa katika nchi hii angeunganisha mambo haya mawili. Allen Roberts, Mmarekani mwenye kuchunguza desturi, aliyekaa kati ya Watabwa wa hapa katika miaka ya 1970, aliandika mwaka 1982 makala nzima juu ya nyota za mkia na vimondo katika mawazo ya Watabwa: vitu vinavyopita upesi mbinguni ni alama ya mabadiliko ya nyakati na ya utawala. Tusione haya juu ya wazo lile. Hata Ulaya ya wafalme na maaskofu iliwaza vile vile kwa karne nyingi, na wako wanaowaza hivyo mpaka leo.

Lakini sisi hatukubali kuiachia nyota kazi ambayo watu waliifanya. Storms hakuletwa na mkia wa mwanga. Aliletwa na mkutano ambao Mfalme Leopold II aliuita Brussels mwezi wa Septemba 1876, miaka sita mbele ya nyota ile, na kwa feza, bunduki na mikataba. Ilipofika Desemba 1884, Sultani Lusinga, aliyekaa milimani, aliuawa na watu wa Storms na kichwa chake kikakatwa. Lusinga naye hakuwa malaika, aliuza watu wengi. Lakini fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na mafuvu mawili ya wakubwa wengine, na sanamu yake ya wahenga ikachukuliwa, nayo iko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mwaka 2018 magazeti ya Ubelgiji yaliandika kwamba fuvu lile lilikuwa bado Brussels, katika taasisi ya elimu ya viumbe. Mwaka 2022 sanamu ya Storms yenyewe iliondolewa katika uwanja mmoja wa mji ule. Anayesema "ilikuwa imeandikwa mbinguni" anawafutia watu deni. Nyota haikumkata mtu kichwa.

Na tukitaka kupima wazo la alama kwa haki, tutazame zile zingine pia. Mwezi wa Aprili 1957 ilionekana nyota ya mkia ambayo Wabelgiji wawili, Arend na Roland, waliivumbua wakiwa Uccle karibu na Brussels mwishoni mwa 1956. Nyota ya Wabelgiji kabisa, na sisi tukiwa Kongo ya Wabelgiji: mwaka ule Mpala haikupata sultani mpya wala vita. Oktoba 1965 ikaja Ikeya-Seki, nayo ikasimama alfajiri upande wa ziwa, na tarehe 24 Novemba Mobutu akachukua utawala. Hapo mwenye kupenda alama atapiga makofi. Aprili 1997 Hale-Bopp ilionekana jioni, chini, kaskazini-magharibi. Kalemie ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa AFDL mwezi wa pili, na Kinshasa ikafuata tarehe 17 Mei. Vizuri. Lakini nyota ya uasi wa 1964 uliofika Albertville iko wapi? Ya vita ya Agosti 1998, iliyotuumiza kupita yote hayo, iko wapi? Hakuna. Sisi tuko na matukio mengi kuliko nyota za mkia.

Ajabu ya kweli ya ile ya 1965 iko mahali pengine. Ni ndugu ya ile ya 1882. Mjerumani Heinrich Kreutz, aliyeifanyia hesabu nyota ya 1882, alionyesha kwamba kuna ukoo mzima wa nyota za mkia zinazofuata njia moja na kupita karibu kuligusa jua. Wataalamu wanaona kwamba ni vipande vya nyota moja kubwa ya zamani, iliyopasuka, na wengi wanadhani kwamba ya 1882 na ya 1965 zilikuwa kitu kimoja katika ile iliyoonekana mwaka 1106. Ya 1882 yenyewe ilipasuka tena mbele ya macho ya watu: Oktoba ile wenye darubini waliona kichwa chake kimekuwa vipande kadhaa kama shanga kwenye uzi. Wazee wetu wanaojua kuhesabu ukoo mpaka babu wa saba wangelielewa jambo hili upesi kuliko sisi wa shule.

Tumekaa sana kwenye nyota za mkia, na kusema kweli hizo si kazi ya kila siku ya mtazamaji wa mbingu. Kazi ya kila siku ni mwezi. Katika ziwa hili kila mvuvi wa ndagala ni mtazamaji kwa lazima. Ndagala wanavuliwa usiku kwa taa: zamani kwa moto wa majani na miti, kiisha kwa taa kubwa za mafuta, na leo zaidi kwa taa za betri. Samaki wanafuata mwanga, mikebuka wanafuata ndagala, wavu unapandishwa. Lakini mwezi ukijaa, taa ya mtu haina kitu tena, maji yote yana mwanga, samaki wanatawanyika. Basi karibu juma moja kila mwezi mitumbwi inakaa mchangani, nyavu zinashonwa, watu wanaoa na kupatanisha ugomvi. Mvuvi lazima ajue mwezi utachomoka saa ngapi kesho, na anajua: kila siku unachelewa karibu dakika hamsini, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Hajafundishwa kwenye ubao. Amehesabu kwa mapato yake.

Hapa kwetu mwezi mwandamo unaonekana juu ya milima, jioni, mwembamba kama ukucha, na mwezi mpevu unatoka ziwani jua linapozama. Mtoto wa Mpala anakua akiona duara hilo lote bila kuhama kiwanja chake. Wafanyabiashara wa pwani waliokuja Ujiji na Mtoa walitegemea mwandamo kwa Ramadhani yao. Mapadri Weupe, waliopokea boma toka kwa Storms mwaka 1885, nao hawakuachana na mwezi, wakristo wengine hawajui hivi: Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au ule wa kwanza nyuma yake. Basi wote watatu, mvuvi, mwislamu na padri, walikuwa wanatazama taa moja.

Kiisha Kilimia. Ni kile kifungu kidogo cha nyota zilizobanana, sita au saba kwa jicho zuri, na jina lake limetoka katika kulima. Mwezi wa Mei kinapotea ndani ya mwanga wa jua. Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimefika, kinachomoka ziwani giza linapoanza. Waswahili wa pwani wana methali yao juu ya kuzama na kuzuka kwake kati ya jua na mvua, na methali ile inafaa Mpala kama vile ilitungwa hapa. Nyota tatu za mstari mmoja, zile ambazo Wazungu wanaziita mshipi wa Orion, zinaitwa na watu wengi wa Afrika ya kati na ya kusini mambo ya kuwinda: mwindaji, imbwa wake, na mnyama anayekimbia. Na Wanyanja wa Malawi wanasema kwamba mwezi ana wake wawili, yaani Zuhura ya jioni na Zuhura ya alfajiri. Wa jioni anamlisha vizuri ndiyo maana mwezi wa jioni unanenepa, wa alfajiri anamnyima chakula ndiyo maana mwezi wa alfajiri unakonda. Aliyetunga hadisi hii alikuwa ametazama kweli kweli, kwa kuwa mwezi unaokua unaonekana jioni, na unaopungua unabaki mpaka alfajiri. Ni mafundisho yenye nguo za kuchekesha.

Sasa tunafika penye uchungu kidogo. Mara nyingi tunasikia kwamba wahenga wetu walitazama bila kuandika. Si kweli yote. Watabwa wana mchoro wa pembetatu zinazofuatana, jina lake balamwezi, maana yake kuchomoza kwa mwezi mpya. Walichonga balamwezi kwenye sanamu na viti, walisuka kwenye mikeka na vikapu, walichanja kwenye ngozi ya mwili. Siku za giza, mwezi umekufa, zilikuwa siku za hofu. Mwezi ukirudi watu walishangilia. Mchoro ule ulibeba yote mawili. Roberts na mwenzake Evan Maurer walipotengeneza maonyesho makubwa ya sanaa ya Watabwa huko Michigan, Marekani, waliyaita kwa jina hilo hilo, Kuchomoza kwa Mwezi Mpya. Lakini vitu vyenyewe viko Tervuren, viko Marekani, viko katika nyumba za matajiri. Mtoto wetu akitaka kuona ginsi babu yake alivyoandika mwezi, atafute kitabu cha picha kwa lugha ya kigeni. Stefano Kaoze, aliyesoma seminari hapa Mpala na kupewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya wakati ule, alishaanza mnamo 1910 kuandika mawazo ya Wabantu kwenye karatasi. Wachache walimfuata.

Wageni wao walitazama mbingu kwa sababu nyingine. Cameron, Mwingereza wa jeshi la majini, alipofika mwaka 1874 kwenye mdomo wa Lukuga, pale Kalemie ilipo leo, alikuwa na vyombo vya kupimia nyota ili ajue yuko wapi duniani. Edward Hore, baharia wa misioni ya London, aliyefika Ujiji mwaka 1878 na baadaye kukaa kisiwani Kavala, alipima pwani za ziwa kwa namna hiyo hiyo. Kati ya 1898 na 1900 Charles Lemaire alizunguka Katanga kwa kazi hiyo, akitazama nyota usiku na kuandika namba. Kazi yao ilikuwa ya ustadi, na mpaka leo tunawapa heshima yake. Lakini tujue namba zile zilikwenda wapi: kwenye ramani, na toka ramani kwenye mipaka. Mwaka 1885 mpaka wa Dola Huru ulichorwa kwa mstari toka ncha ya kaskazini ya Tanganyika kwenda kwenye digri ya 30, kwa ramani ambayo haikujua vizuri Kivu iko wapi. Makosa yale yalileta ubishi wa Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza ambao ulimalizwa kwa mikataba mwaka 1910 tu. Vijiji vilivyoamka upande mwingine vilikuwa vinatazama nyota zile zile.

Je, mtu asiye na vyombo wala diploma ana nafasi gani katika elimu hii? Hapo nyota ya 1882 inatufundisha jambo ambalo halimo katika vitabu vya shule vyetu. David Gill, mkuu wa nyumba ya nyota ya Cape, alikuwa fundi wa saa Aberdeen, Scotland, katika duka la baba yake, akitazama nyota kwa kupenda tu. Alipotaka kuipiga nyota ile picha hakuwa na ujuzi wa picha, akamwita mpiga picha wa mjini, mtu wa kupiga sura za watu, wakafunga kamera yake juu ya darubini. Picha zilipotoka, nyuma ya mkia kulionekana nyota ndogo nyingi mno. Gill akaelewa kwamba mbingu yote inaweza kuandikwa kwa picha. Toka wazo lile kilitoka kitabu cha nyota za kusini, kilichochapishwa kati ya 1896 na 1900 pamoja na Kapteyn wa Uholanzi, chenye nyota 454 875. Kwa maneno mengine, orodha ya nyota zinazopita juu ya mapaa yetu ilianzia kwa nyota ya mkia, fundi wa saa na mpiga picha wa mtaani.

Wa 1965 vilevile. Kaoru Ikeya alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha piano, Tsutomu Seki mwalimu wa gitaa, Wajapani wote wawili, na kila mmoja aliiona nyota ile peke yake toka nyumbani. Mwezi wa Novemba 2011 Terry Lovejoy wa Australia, mtu wa kazi ya kompyuta, alivumbua ndugu mwingine wa ukoo ule ule wa Kreutz. Ilipita karibu na jua tarehe 16 Desemba, wataalamu wakidhani itakufa, kumbe ikatoka ng'ambo ya pili, ikasimama alfajiri siku za Noeli kwa watu wa kusini. Wataalamu wengi wa dunia walikuwa kaskazini, hawakuweza kuiona. Sisi tuliokuwa kusini, ni wangapi waliotoka inje?

Tuko na utajiri mmoja ambao miji mikubwa imeupoteza: giza. Mtu wa Brussels au wa Johannesburg haoni hata sehemu ndogo ya nyota tunazoziona pwani ya Mpala usiku usio na mwezi. Tena tuko karibu na digri saba kusini mwa ikweta, basi Msalaba wa Kusini tunauona, na zile nyota za kaskazini ambazo watu wa Cape hawazioni vizuri, nasi tunaziona. Jua lenyewe linapita kichwani kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba. Simamisha fimbo wima mchangani karibu saa sita ya mchana, utaona kivuli kimeingia chini yake. Tarehe 1 Septemba 2016 jua la pete lilipita Kongo, likavuka ziwa letu na kwenda Rujewa, Tanzania, ambako watu walikusanyika kulitazama. Upande ule kuna Dokta Noorali Jiwaji, ambaye kwa miaka mingi ameeleza nyota kwa Watanzania katika magazeti. Upande wetu kazi kama ile inangoja mtu.

Darubini ni kitu kizuri lakini si ya kwanza. Ya kwanza ni kaye. Mapadri wa misioni walikuwa na amri ya kuandika kitabu cha kila siku, na ndiyo maana leo wenye kuandika historia ya Mpala wanakwenda kusoma kwao. Katika kaye ya mbingu tunaandika tarehe, saa, upande, na urefu toka maji au toka mlima kwa kupima na ngumi: ukinyosha mkono, ngumi moja ni karibu digri kumi. Pembeni tunaandika jina ambalo muzee ametaja, kwa Kitabwa, Kiholoholo au Kiswahili, na ni wa mlimani ama wa pwani, bila kuchagua jina "la kweli". Kijana anayetazama tarehe ya mwezi mpevu katika telefone hafanyi vibaya, tarehe ni ile ile. Lakini telefone haina jina ambalo bibi yake anaita nyota ile nyekundu ya juu ya mlima, na bibi hataulizwa mara mbili.

Katikati ya Juni, saa kumi na moja ya alfajiri, Kilimia kitakuwa kimetoka majini, urefu wa ngumi moja hivi juu ya ziwa, upande wa kushoto wa Karema. Wavuvi watakuwa wanarudi saa hiyo. Nao ndio wa kwanza wa kuulizwa.